Fomu ya Maombi

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kitako cha kopo.

Nilikuwa naliosha kwenye karo la nyuma ya kanisa, Jumatatu asubuhi, pamoja na vile vikombe vidogo vya Meza ya Bwana. Niliingiza mkono na kitambaa, vidole vikagota mapema. Kopo lilikuwa lilelile. Karatasi ileile ya maziwa ya unga iliyobanduka nusu, kishikio kilekile cha waya. Lakini chini, mahali palipokuwa bapa siku zote, palikuwa pameinuka kwa ndani kama mgongo wa upawa.

Nikaligeuza. Kwa nje kulikuwa na alama za nyundo. Tatu.

Nikalifuta, nikalirudisha stoo juu ya gunia, nikafunga mlango. Sikumwambia mtu. Ndiyo tabia yangu, na ndiyo iliyonifikisha kwenye kurasa hizi.

Kama ndiyo kwanza unaanza kunisoma wiki hii, mambo yako hivi. Kiwanda cha nyuzi kilifungwa, na karibu kanisa letu zima likamwaga unga siku moja. Baba mdogo alirudi na ovaroli yake kwenye mfuko wa plastiki, akakaa kwenye kiti cha sebuleni, na kuinuka kwake tangu siku hiyo ni kwa kwenda chooni. Mama mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu, ndiye aliyenichukua nikiwa na miaka tisa. Yeye alibaki na cherehani yake na ufunguo wa stoo ya kanisa. Mimi nilibaki na ufagio. Shule niliiacha darasa la tano, na mbele za watu mdomo wangu mzito, ndiyo maana kanisani wananiita Bubu.

Stoo ndiko ulikokuwa unga. Waumini waliobaki na kazi walileta magunia, na kila Jumapili baada ya ibada nyumba za wahitaji zilipewa makopo matatu kila moja. Mama mdogo alipima. Mimi nilishika mifuko wazi.

Unga ule ulibadilisha kanisa kuliko mahubiri yote niliyowahi kuyasikia.

Zamani watu walikutana mlangoni wakasema, "Bwana asifiwe!" Sasa waliulizana kwa kunong'ona, "Leo upo?" Na hawakuwa wakimuuliza Roho Mtakatifu. Wenye kazi walihamia mabenchi ya mbele kulia, mikoba mapajani, upande wa zipu ukiwaangalia wenyewe. Wasio na kazi walijazana karibu na mlango wa stoo. Kwaya ilibaki haina besi, kwa kuwa wanaume walioimba besi walikwenda mbali kutafuta vibarua. Wimbo ulikuwa unapanda vizuri juu, chini hamna kitu, kama nyumba iliyoanza kujengwa dirishani.

Na alikuwepo Geti.

Geti ni katibu wa kanisa. Jina hilo lilimganda kwa sababu alikaa kwenye lango la kiwanda miaka kumi na tisa, akifunga saa moja kamili hata kama anakuona unakimbia. Kiwanda kilipokufa, lango akalihamishia kanisani. Ibada ni saa tatu. Saa tatu na dakika tano komeo limeshashuka.

"Mmemwaga unga kiwandani," alikuwa akiwaambia waliochelewa kupitia ufa wa mlango, "halafu mnataka kuuzoa hapa bila hata kusikia Neno? Rudi ukalale, mama. Wiki ijayo wahi."

Watu wa ndani walicheka. Haohao ambao wiki iliyopita walikuwa nje.

Ugomvi ulikuwa juu ya orodha ya wahitaji. Huyu anasema yule ana shamba, yule anasema huyu ana mtoto anayemtumia chochote kila mwezi. Jumapili moja wanawake wawili walivutana vilemba mbele ya madhabahu, kwaya ikiwa katikati ya ubeti wa tatu. Kamati ikaamua orodha ya zamani ifutwe, kila mtu ajaze fomu upya.

Tangazo hilo sikulisikia. Nilikuwa kwenye karo na vikombe vyangu.

Nilichokikuta mimi ni karatasi mezani, mlangoni, na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Pembeni kulikuwa na sanduku la mbao lenye tundu, lilelile tulilotumbukizia maombi yetu wiki ya kufunga na kusali. Juu ya karatasi kumeandikwa kwa herufi kubwa: FOMU YA MAOMBI. Chini yake: Jina lako. Idadi ya watu nyumbani. Halafu: Eleza maombi yako kwa ufupi na kwa ukweli.

Niambie wewe ungeelewaje. Ni kanisani. Sanduku ni lile la maombi. Na wametaka ukweli.

Nikajibanza nyuma ya nguzo na kalamu yangu, nikaandika. Hata kuandika huku vizuri nilifundishwa na Mama Mchungaji, mke wa mchungaji wetu, mezani kwake, alasiri za Jumanne, nilipokuwa na miaka kumi na minne na bado naruka silabi. Alikuwa akiufunika mkono wangu kwa mkono wake, kalamu ikiwa ndani ya mikono yote miwili, mpaka herufi zikakubali kusimama. Ukiuona mwandiko wangu umeuona wake.

Niliandika hivi, nakumbuka kila neno:

"Mungu Baba naomba umsamehe mama mdogo. Yeye ndiye aliyepiga nyundo kopo la unga ili liwe dogo. Unga unaobaki anautoa stoo kwa mfuko kila Alhamisi. Usimwadhibu, ni mtu mwema ila amechoka. Na mimi nisamehe kwa kuona na kunyamaza. Amina."

Nikaikunja mara nne, nikaitumbukiza. Nilitoka pale mwepesi kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani.

Ila niseme jambo moja kabla sijaendelea. Niliandika alichokifanya mama mdogo. Sikuandika unga ulikuwa unakwenda wapi. Nilikuwa najua, na hata Mungu sikumwambia.

Jumapili iliyofuata, baada ya mahubiri, Geti alisimama na rundo la karatasi mkononi.

"Kamati imepitia maombi yote," alisema. "Kuna mtu ameandika nyumbani kwake wako kumi na sita. Mzee, tunakufahamu. Unaishi na paka."

"Ana watoto!" mzee akajibu toka alipokaa.

"Watoto wa paka hawali uji!"

Kanisa likaangua kicheko. Hata mimi nilitabasamu, kule benchi la mwisho, ufagio miguuni. Kisha wazo likanipita: kamati imepitia vipi? Maombi ya watu kwa Mungu, kamati inayapitia ya nini?

"Na kuna fomu moja," Geti akaendelea, akichomoa karatasi yenye mikunjo minne, "hii haina idadi ya watu. Hii ina idadi ya dhambi."

Mikunjo ile niliikunja mimi.

Aliisoma yote. Aliisoma polepole, akitua kwenye kila nukta, vilevile alivyosoma majina ya waliofukuzwa siku kiwanda kilipofungwa, pale langoni. Alipofika kwenye "Amina" hakuna aliyeitikia.

Mama mdogo alikuwa benchi la kwanza la akina mama, kilemba cheupe cha mwenyekiti wao kichwani. Hakugeuka nyuma. Walionigeukia ni wengine wote.

"Kopo hili hapa," Geti akasema. Alikuwa nalo tayari chini ya meza. "Mama Vitunguu, pita mbele. Wewe ni mtu wa sokoni. Ingiza mkono utuambie."

Mama Vitunguu, ambaye huuza vitunguu na hunukia vitunguu hata akiwa amevaa nguo za Jumapili, alikuja akijipangusa viganja kwenye sketi. Akaingiza mkono. Akakunja uso. Akaligeuza kopo, akaligonga kwa ukucha.

"Hili limepigwa," alisema. "Huu mchezo naujua."

"Unaujua kwa vile unaucheza!" sauti ikatoka upande wa wanaume.

"Naucheza sokoni, kanisani siuchezi! Nyamaza hapo! Kumbe makopo matatu niliyokuwa nabeba ni mawili na upepo! Miezi yote hii nimewapikia wanangu upepo!"

Hapo kanisa likawaka.

"Mwizi!"

"Na kilemba chake cheupe pe!"

"Alikuwa akilitikisa kopo, eti unga ukae vizuri! Ukae vizuri wapi, juu ya nyundo?"

"Mimi aliniuliza watoto hawajambo huku ananipunja!"

Mzee wa paka alipanda juu ya benchi ili aone vizuri zaidi. Mtoto mmoja akaanza kulia, mama yake akamzaba kofi, akalia kwa nguvu zaidi.

Mchungaji alikuwa kwenye kiti chake cha mgongo mrefu. Siku hizo suti yake ilikuwa imekuwa kubwa, kola imeachana na shingo. Alikuwa akifunua Biblia, ukurasa baada ya ukurasa, kama mtu aliyesahau alichokuwa anatafuta.

Mama mdogo akasimama. Ni mfupi, na cherehani imempindisha bega moja, kwa hiyo akisimama huonekana kama anayetaka kugeuka. Lakini hakugeuka.

"Nyundo niliipiga mimi," alisema. "Mtoto mwacheni."

"Unga uko wapi?" Geti akauliza.

"Umeliwa."

"Na nani?"

Uso wake sikuweza kuuona, lakini niliona kilemba kilielekea wapi. Kilielekea kwenye kiti cha mgongo mrefu. Kikakaa hapo kwa muda wa pumzi moja, labda mbili. Kikasubiri.

Mchungaji akafunua ukurasa mwingine.

"Umeliwa na wenye njaa," mama mdogo akasema.

"Njaa ya nyumbani kwako!" Mama Vitunguu akapiga kelele. "Sema tu, umekula na mumeo!"

Geti akanyoosha kiganja. Mama mdogo akafungua fundo kwenye pindo la gauni, akatoa ufunguo, akampa. Geti hakuondoa mkono.

"Na hicho cha kichwani."

Alikivua mwenyewe. Alikikunja kama anavyokunja nguo ya mteja, kona juu ya kona, akakilaza juu ya kopo. Kanisa zima likabaki linamtazama mvi.

Ndipo Mchungaji aliposimama. Niliomba moyoni, sasa sema. Sema, baba.

"Wapendwa," alisema, "kwa uchungu mkubwa, dada yetu hatashiriki Meza ya Bwana mpaka kamati itakapoamua vinginevyo. Tufumbe macho tuombe."

Sauti yake haikutetemeka hata chembe. Tukafumba macho. Mimi nilichungulia, nikamwona Mama Mchungaji naye hajafumba. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nyuma ya mama mdogo, hatua kumi, sisogei wala sibaki. Baba mdogo alikuwa keshaletewa habari dirishani, ingali ya moto.

"Kumbe ulikuwa unaiba," alisema kutoka kitini.

"Nilikuwa napunguza."

"Unaiba unga wa kanisa, na mimi hapa nakunywa uji ninaojiona sura ndani yake! Si ungeiba basi tushibe? Mwizi gani wewe? Nimeaibishwa na njaa juu!"

Mama mdogo alipita chumbani, akatoka na sanduku langu la bati, akaliweka nje ya mlango. Juu yake akaweka viatu vyangu. Akavipanga, cha kulia kulia, cha kushoto kushoto.

"Mama mdogo," nilisema, "nilidhani ni fomu ya Mungu. Nilidhani nakuombea."

"Najua ulichodhani."

"Wameandika maombi."

"Najua walichoandika! Kanisa zima lilijua ni maombi ya unga. Wewe peke yako ukajua ni maombi ya Mungu." Akacheka, kicheko ambacho sijawahi kumsikia nacho. "Pengine ni kweli. Pengine umebaki peke yako unayemwomba."

"Kwa nini hukusema unakwenda wapi?"

Akatupa jicho ndani kuona kama baba mdogo anasikia. Akanivuta pembeni, karibu na ukuta, akanibana bega.

"Nimseme nani? Yule mtu huu mwezi wa sita hajaona posho. Ataandikaje jina lake kwenye orodha ya wahitaji, halafu apande madhabahuni kuwaambia watu Mungu atawapa? Mkewe alianguka jikoni kwa njaa. Mimi ndiye niliyemwokota, nikamlowanisha midomo. Ikijulikana, kesho hatuna mchungaji. Hatuna mchungaji, hatuna ibada. Hatuna ibada, wenye magunia hawaji. Kiwanda wameshafunga wao. Unataka kanisa nilifunge mimi?"

"Lakini alinyamaza. Na meza amekufungia."

Aliniachia bega. Mkono ukapanda wenyewe mpaka kichwani, ukakikosa kilemba.

"Alinyamaza," alisema. "Hilo sikulitegemea."

Basi sasa mnajua. Mfuko wa Alhamisi ulikuwa unakwenda kwenye mlango wa nyuma wa nyumba ya mchungaji, umefunikwa juu kwa nguo za kushona.

Aliyekuwa akiubeba ni mimi.

Kila Alhamisi, saa kumi alasiri. Mama Mchungaji alinifungulia, akaupokea kwa mikono miwili, akaniuliza, "Bado unaandika, mwanangu?" Nami nikasema bado, mama. Nikiulizwa mitaani, nilijibu nimepeleka nguo. Lakini nguo za kushona hazimwagi vumbi jeupe begani. Nilikuwa najipangusa njiani, kila wiki, kabla sijafika kwenye kona. Huwezi kujipangusa kitu usichokijua.

Ndiyo maana kwenye fomu niliandika nusu. Mkono ulionifundisha kuandika sikuweza kuuandika. Na wangu mwenyewe niliuonea haya. Nikamtoa mama mdogo peke yake.

"Nenda," aliniambia pale ukutani. "Na huo mdomo wako ulivyouzoesha kufungwa, uendelee."

Wiki ile nilikaa kwenye chumba cha kwaya, kitanda changu majoho. Jumatano asubuhi Geti akanifuma. Nikasimama wima, nikijua ninafukuzwa mara ya pili.

"Kaa, binti," akasema. Akakaa na yeye, juu ya spika mbovu. "Miaka kumi na tisa langoni. Nimepekua mifuko mpaka nikamjua mwizi kwa mwendo. Sijawahi kuona mtu anamtoa wa nyumbani kwake kwa mkono wake. Kamati imekaa jana. Ufunguo wa stoo ni wako."

"Mimi?"

"Wewe. Na sanduku lako usihangaike nalo, utakaa humuhumu. Sahani ya kila siku itapatikana."

"Katibu, mimi sijui kusema na watu."

"Ndiyo tunachokitaka. Stoo haihitaji msemaji."

Akatoka anapiga mluzi.

Sitajisafisha. Usiku ule njaa ilikuwa imenikaza, na neno sahani lilinikaa kichwani. Nilimwaza mama mdogo na nikaiwaza sahani, na kuna saa sahani ilikuwa mbele.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Watu walikuja kuona kopo jipya. Geti alilinyanyua juu, akapitisha ngumi ndani yake mpaka chini, akaligonga kitako: bapa.

"Mnaona? Hakuna mgongo! Hakuna upepo!"

"Haleluya!" Mama Vitunguu akaitikia, na hilo ndilo haleluya la kweli nililolisikia mwaka ule.

Nikaitwa mbele. Mabenchi yakapiga makofi.

"Bubu wetu!"

"Pima vizuri, mwanangu, usituletee nyundo!"

"Mkweli huyo! Hata mama yake hamfichi!"

Hilo la mwisho lilipigiwa makofi kuliko mengine.

Nilipiga magoti mbele ya kiti cha mgongo mrefu. Ufunguo ulikuwa kwenye sahani ya sadaka, peke yake. Kutoka pale niliweza kuliona dirisha la pembeni, na nje ya dirisha nikamwona mama mdogo. Alifika saa tatu na dakika sita. Nadhani alichelewa makusudi, asimpe Geti raha ya kumtoa. Kichwa wazi, mikono imeshika vyuma vya dirisha.

Mchungaji aliniwekea viganja kichwani. Vilikuwa vyepesi mno, kama vimewekwa na mtu anayejizuia kuanguka. Aliomba kwa sauti kubwa, akamshukuru Mungu kwa ajili ya vijana wanaoipenda kweli. Kwaya ikaanza wimbo, ule usio na besi. Ndani ya wimbo akainama, kama anayenibariki kwa faragha, mdomo wake ukafika sikioni kwangu.

"Mwanangu," alisema, "Alhamisi, saa kumi. Mlango uleule. Safari hii mambo rahisi, hatuna mtu wa katikati."

Nikainua macho. Hakuwa na uso wa mtu mbaya. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri kujibiwa, na koo lake lilikuwa linapanda na kushuka ndani ya ile kola pana.

"Amina!" akasema kwa sauti, akaondoa mikono.

Geti aliniwekea ufunguo kiganjani. Kisha akanisogezea kipaza sauti, akikishika mwenyewe, kwa kuwa alijua mimi sitakishika.

"Sema asante tu," aliniambia. "Inatosha."

Mabenchi yakatulia. Niliwasikia wengine wakicheka chinichini, maana tangu niokoke hakuna aliyewahi kunisikia kwenye kile kitu. Mama Mchungaji, benchi la mbele, alikuwa anautazama mkono wangu ulioshika ufunguo, ule aliokuwa akiufunika.

Dirishani, mama mdogo alitikisa kichwa. Mara moja, taratibu. Usiseme.

Nilijua nikisema asante nitapata sahani, na Alhamisi nitatafuta nyundo. Nilijua nikisema lile jingine, kufikia jioni huenda hakuna mchungaji, hakuna magunia, na Mama Vitunguu atawapikia wanawe upepo hasa, si wa kupimiwa. Na mama mdogo aliyevuliwa kilemba ili jambo hilo lisisemwe angeona amevuliwa bure.

Nikaulamba mdomo, kipaza sauti kikanisaliti, kanisa zima likanisikia nikimeza mate.

"Mama mdogo hakula ule unga," nilisema. Sauti ilitoka kubwa, nikaiogopa. "Niliubeba mimi. Kila Alhamisi, saa kumi, mpaka mlango wa nyuma wa nyumba ya Mchungaji."

Geti akakivuta kipaza sauti. Nikakishika. Ndiyo mara ya kwanza nakishika.

"Mchungaji ana njaa," nikasema. "Mpeni na yeye fomu."